Runinga ya Kuziba Tundu

Wiki jana mliniacha sakafuni, runinga ya chogo, ile ya zamani yenye mgongo mzito, imenilalia mapajani, na mama mkwe amesimama mlangoni na begi lake mkononi, akiuliza kama siku hizi wageni wanapokelewa hivyo.

Kwa yule ambaye gazeti la wiki jana lilifungiwa vitunguu kabla hajalisoma, nasema kwa kifupi. Mimi ni fundi seremala. Mimi na shule tuliachana mapema, wala hakuna aliyemlilia mwenzake. Nina mke, na nina binti anayefanya kazi kwenye kituo cha runinga mji mwingine. Muda mrefu sasa hajaja nyumbani. Tukimpigia anasema hajambo, kazi nyingi, halafu simu inakatika.

Kisha akapiga mwenyewe. Jumamosi hii atasoma habari kwa mara ya kwanza, taarifa ya saa tisa alasiri. Bibi yake, yaani mama mkwe wangu, alipozipata habari hizo akapanda basi. Nami, nikitaka akute nyumba imepangwa na mkwe wake bado ana mgongo, nikaibeba runinga peke yangu. Runinga ilikufa palepale. Mapaja yalipona, ila yanalalamika nikipanda ngazi.

Mama mkwe wangu ni mkunga. Kazi ameacha, macho hayajaacha. Anaweza kukutazama unakunywa chai akakwambia hukulala, na akakutajia sababu.

Jioni ile, kabla hata hajafungua begi, alituambia alichofuata. Hakuja kusikiliza habari.

"Kwenye simu kila mtu hajambo," alisema. "Mimi nautaka uso wake. Nikiuona uso nitajua ana nini."

Mke wangu akatikisa kichwa kukubali. Nikaelewa kwamba hawa wawili walikuwa wameshazungumza mengi bila mimi. Kuna kitu binti yetu anatuficha, na Jumamosi ndiyo siku ya kukiona.

Tatizo lilikuwa moja tu. Lilikuwa uani, kioo kimepasuka katikati.

Mke wangu akaingia chumbani, akatoka na akiba yake ya kununulia friji. Akaniwekea mezani. "Mama asipomwona mtoto Jumamosi," akasema, "Jumapili naondoka naye."

Hakupandisha sauti. Alikuwa anakunja nguo, na nguo zote alizokuwa anakunja zilikuwa zake.

Mtu mwingine angeenda dukani kwanza. Mimi nilienda karakana.

Ndivyo nilivyofundishwa kazi. Ukiniambia kuna kitu kinakuja ndani, mimi naanza na mahali kitakapokaa. Nilimuuliza jirani akaniambia kwa akiba ile ningepata runinga ya inchi arobaini na tatu, nyembamba, ya kisasa. Basi nikachukua mbao zangu nzuri nilizokuwa nimezihifadhi kwa mteja ambaye hakurudi, nikatengeneza kabati la kujaza ukuta mzima wa sebule. Katikati nikaacha tundu la inchi arobaini na tano. Inchi moja ya kupumulia kila upande. Nikapiga msasa, nikapaka vanishi, nikalileta.

Mama mkwe alipitisha kiganja juu ya ubao kuanzia mwisho mmoja hadi wa pili. Hakukutana na mwiba.

"Unajua kazi," akasema.

Maneno mawili. Nimekaa kwenye ndoa hii nikiyasubiri tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Siku ile ningeweza kubeba runinga nyingine ya chogo peke yangu.

Ijumaa nikaenda dukani kwa Rimoti. Hilo si jina alilopewa na wazazi wake. Anaitwa hivyo kwa sababu ana duka limejaa runinga ukutani, naye anakaa kwenye kiti katikati, anakuonyesha mali kwa kunyoosha rimoti. Sijawahi kumwona ameinuka kwa ajili ya mteja. Ukimwambia unataka kuona nyuma ya kitu, anakwambia zunguka.

Nikamwambia nataka ya arobaini na tatu. Akanyoosha rimoti. Nikaisogelea, nikatoa tepu yangu, nikapima kutoka ukingo wa kushoto hadi wa kulia.

Inchi thelathini na nane, tena ukipima na fremu yake.

Nikapima tena, maana mkono nao hukosea. Ikabaki thelathini na nane. Nikageuka, nikamwambia Rimoti kwamba nimemjua kama mtu wa heshima, lakini kumpunja mtu inchi tano mchana kweupe ni tabia ya soko la kuku.

Wateja wawili wakaacha walichokuwa wakifanya wakatugeukia.

Rimoti hakukasirika. Akaniambia runinga hazipimwi kwa upana. Zinapimwa pembe kwa pembe, kutoka kona ya chini mpaka kona ya juu ya upande wa pili. Nikaweka tepu mshazari kwenye kioo. Arobaini na tatu kamili.

"Nani aliamua hivyo?" nikamuuliza.

"Sijui, fundi. Nilizikuta zinapimwa hivyo."

Mimi nimepima madirisha, milango, vitanda na majeneza, sijawahi kumuuzia mtu mlango kwa kipimo cha mshazari. Lakini ugomvi haukuwa na faida. Nilikuwa nalifikiria tundu langu. Runinga ya thelathini na nane kwenye tundu la arobaini na tano inaacha pengo la kupitisha ngumi kila upande. Paka angelala pale. Mama mkwe angepitisha kiganja chake, kingeingia hewani.

Nikauliza ipi itajaza arobaini na tano. Rimoti akanyoosha rimoti kwenye moja ya inchi hamsini. Nikapima upana: arobaini na nne. Nikasikia moyo unatulia. Na bei, nikauliza. Bei ilikuwa sawasawa na ile ndogo.

Hapo mtu aliyesoma angejiuliza kwa nini kubwa na ndogo zinauzwa bei moja. Mimi nilimshukuru Mungu.

Rimoti akaanza kunieleza. Ndogo ni Full HD, akasema, ina namba elfu moja na themanini. Kubwa ni HD ya kawaida, ina mia saba na ishirini. Kisha akaingia kwenye habari za vidoti. Nikamkatiza. Nikamwambia mimi sikuja kununua vidoti, na habari za namba asinifundishe, maana mimi nafanya kazi na msasa.

Msasa una namba nyuma yake. Themanini unakwaruza. Mia na ishirini unasawazisha. Ukipitisha wa mia mbili na arobaini, ubao unakuwa shavu la mtoto. Namba ikipanda, kazi inalainika. Kwa hiyo kwenye boksi nilijua cha kutafuta: namba kubwa kuliko zote.

Na kwenye boksi la ile ya hamsini kulikuwa na karatasi ya dhahabu imebandikwa pembeni, imeandikwa kwa tarakimu za ukubwa wa kidole: 1200.

Nikamwita Rimoti aangalie mali yake mwenyewe. Elfu moja na mia mbili, nikamwambia, inaishinda hiyo elfu moja na themanini yako. Akasema hiyo 1200 inahusu mambo mengine, picha zinavyokimbia, si vidoti. Nikamwambia namba ni namba. Akaishusha rimoti. Nadhani aliona ninavyoishika tepu.

Alijaribu jambo moja la mwisho. Aliniuliza king'amuzi changu kina umri gani. Nikamwambia kizima, kilinusurika ajali. Akasema nikinunue kipya na waya wake wa HDMI, maana ule wa vichwa vitatu, chekundu, cheupe na cha njano, haupitishi picha safi. Nikamjibu kwamba waya ni waya. Nikabeba boksi langu.

Jumamosi saa sita mchana runinga iliingia kwenye tundu kama droo. Nusu inchi kila upande. Majirani waliokuwa wanapita walichungulia. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kochi, miguu ameikunja, anatazama kama mtu anayesubiri kondo la nyuma litoke.

Nikawasha.

Kulikuwa na tangazo la sabuni. Nasema sabuni kwa sababu mwanamke aliyekuwepo alikuwa anafua. Sabuni yenyewe ilionekana kama kipande cha ugali kilichodondoka kwenye vumbi. Uso wa mwanamke ulikuwa na ngazi ngazi pembeni, kama ubao uliochongwa na mtu mlevi. Macho yake yalikuwa madoa mawili.

Mke wangu alisimama na sufuria mkononi.

"Baba," akasema, "huyu mtu tunamtazama kupitia uji?"

Nikamwambia runinga mpya inahitaji muda wa kupata moto. Tukaipa muda. Ikapata moto, na picha ikabaki ilivyokuwa. Ile ya chogo ilikuwa ndogo kama kijisanduku cha barua lakini ulikuwa unamjua mtu kwa sura. Hii ilikuwa kubwa kama meza, na binadamu wote walifanana.

Nikampigia Rimoti simu. Akasikiliza, nikasikia anavuta pumzi. Hakunisema. Aliniambia tu kwamba kwa sasa dawa ni kusogea nyuma. Vidoti vikubwa ukivitazama kwa karibu unaviona kimoja kimoja. Ukienda mbali vinaungana.

Kusogea nyuma ni rahisi ukiwa na mahali pa kusogea. Sebule yetu ina kabati upande mmoja, kochi katikati, na nyuma ya kochi kuna mlango wa mbele, mpana wa kupitisha kabati. Kati ya kochi na mlango unapita mtu mmoja, tena awe hajala. Mlango unafungukia ndani. Kochi likirudi nyuma, linagota kwenye mlango.

Basi nikaung'oa mlango.

Usishangae. Ni mlango wangu. Niliutengeneza mwenyewe kwa mbao nzito kuliko zote nilizowahi kushika, na binti yetu aliwahi kusimama hapo akiwa na sanduku lake, siku anaondoka kwenda kazini. Siku ile nilimwambia mbele ya mama yake na majirani kwamba mlango huu unapitiwa na mtoto mwenye ndoa au mtoto asiye na tumbo, wa aina ya tatu azunguke. Watu walicheka. Mimi nilikuwa sitanii, naye alijua sitanii.

Nilifungua skrubu za bawaba moja moja, nikazitia mfukoni, nikauegemeza mlango ukutani. Kochi nikalivuta mpaka miguu yake ya nyuma ikakaa barazani na ya mbele ikabaki ndani. Mama mkwe alikataa kuinuka wakati wa kuvutwa. Alisema ameshavuta watu wengi katika maisha yake, leo naye avutwe.

Kwa hiyo saa tisa ilitukuta hivyo: wanawake wawili kwenye kochi, nusu yao ndani na nusu yao nje, mimi nimesimama kando ya kabati, na watoto wa mtaa wamejipanga nyuma ya kochi kama kuna mechi. Rimoti alikuwa amesema kweli. Kwa mbali uji uliganda kidogo.

Muziki wa taarifa ukapigwa. Binti yetu akatokea.

Mke wangu akashika mdomo. Mimi nikashika kabati. Alisalimia watazamaji kwa sauti ileile aliyokuwa akiniitia chakula karakana, ila imepigwa pasi. Hakushikwa na kigugumizi hata mara moja. Alisoma habari za barabara, akasoma za bei, akasoma za mkutano fulani. Nilitaka kupiga makofi kila alipomaliza sentensi.

Na alikuwa amenenepa. Mashavu yalikuwa yamejaa, mabega yamepanuka, mikono juu ya meza mizito. Mke wangu akacheka kwa furaha, akasema kumbe anakula, kumbe hofu yote ilikuwa ya bure.

Mama mkwe hakucheka. Alikuwa ameinama mbele mpaka kidevu kinakaribia magoti.

"Uso umejaa," akasema polepole. "Na anakaa mbali na meza. Nataka shingo yake. Mbona shingo siioni?"

Shingo ilikuwa haionekani kwa sababu shingo, kola na nywele vilikuwa kitu kimoja cha rangi ya kahawia.

Mke wangu aliacha kucheka. Akamtazama mama yake. Sebule ile, pamoja na kukosa mlango, ilikosa hewa. Mkunga akiulizia shingo ya msichana, hata seremala anajua anatafuta nini. Wenyewe wanasema mimba changa inaanza kuonekana pale, kwenye kishimo cha shingo, mshipa unavyopiga.

Ndipo zikaja habari za michezo, nazo zikaniokoa.

Walionyesha mpira umewekwa katikati ya uwanja. Mpira haukuwa duara. Ulikuwa yai lililolala. Saa ya kituo, pale pembeni, nayo ilikuwa yai. Nikaruka mbele ya kabati na tepu yangu, nikapima mpira ukiwa umesimama: upana umezidi urefu kwa theluthi nzima.

Nikawageukia. Nikawaambia runinga inanenepesha watu. Inavuta kila kitu pembeni, mpira, saa, hata refa angalieni kiuno chake. Mtoto hana kitu. Mtoto ni yuleyule, kioo ndicho kimemlaza.

Mke wangu alitaka kuniamini, niliona. Akampigia binti yetu simu palepale. Simu ilikuwa imezimwa.

Mama mkwe aliinuka kwenye kochi kwa mara ya kwanza tangu mchana, akajipangusa magoti.

"Mkwe wangu," akasema, "mimi sijui vioo. Taarifa hii inarudiwa saa ngapi?"

Saa kumi na mbili, nikamwambia.

"Basi nitafutie runinga isiyonenepesha watu."

Tulifika kwa Rimoti jua likiwa bado juu ya mabati. Nyumba tulimwachia jirani ailinde, maana haikuwa na mlango. Rimoti alimwamkia mama mkwe kwa heshima zote bila kuinuka, akanitazama mimi, akajua. Sikumpa nafasi ya kuniuliza. Nilimwambia anipe ile ndogo ya arobaini na tatu, aiwashe, aweke kituo cha binti yangu.

Wakati tunasubiri aliwaeleza wanawake yale niliyokataa kuyasikia. Nami nikayasikia kwa pembeni, nikijifanya natazama feni.

Picha ya runinga, alisema, ni vidoti vilivyopangwa mistari kwa mistari kama nyuzi za kitambaa. HD ya kawaida ina mistari mia saba na ishirini kutoka juu hadi chini. Full HD ina elfu moja na themanini. Ile wanayoita 4K ina zaidi ya elfu mbili. Sasa ukichukua mistari michache ukaitandaza kwenye kioo kikubwa, hapaongezeki kitu, kila kidoti kinanenepa tu. Ndiyo maana ndogo yenye mistari mingi inauzwa bei moja na kubwa yenye mistari michache. Unaamua unalipia ukubwa au unalipia usafi. Ukitazama kwa karibu, kama kwenye sebule ndogo, usafi ndio wa kuuangalia kwanza.

"Na ile 1200?" mke wangu akauliza. Alikuwa ananiuliza mimi, lakini alimtazama yeye.

Rimoti akajikuna kichwa. Akasema viwanda vinabandika namba nyingi kwenye boksi, mnunuzi atafute ya mistari peke yake. Kisha akamaliza na king'amuzi. Chetu kinatoa picha ya zamani, ya umbo la mraba, na runinga mpya ni pana. Ile picha ikivutwa ijaze kioo, watu wote wananenepa. Kuna kitufe cha kuirudisha, akasema, kiko kwenye rimoti.

Kitufe. Nimeng'oa mlango, kumbe kuna kitufe.

Lakini sikujali. Alikuwa amenithibitishia mbele ya mashahidi. Runinga inanenepesha watu, hakuna mwenye tumbo. Nikavuta benchi, nikakaa kama mshindi.

Saa kumi na mbili binti yetu akatokea tena.

Alikuwa mwembamba. Alikuwa mwanangu, uso mrefu wa upande wetu, kovu dogo juu ya jicho, alilolipata kwa kuangukia randa karakana akiwa anatambaa. Kwenye runinga ya nyumbani lile kovu halikuonekana. Hapa ningeweza kuhesabu nyuzi za kola yake. Nikamgusa mke wangu kwa kiwiko. Mpira ulipokuja, ulikuwa duara. Nikawaonyesha wote mpira.

Mke wangu akaegemea ukuta akacheka, safari hii kwa machozi. Kichwani nikaona nguo zake zinarudi kabatini moja moja.

Mama mkwe alikuwa ametembea mpaka kwenye kioo. Alisimama karibu kiasi kwamba kama ingekuwa runinga yetu angeona vidoti vitupu. Binti yetu alikuwa amerudi kwenye picha, anasoma hali ya hewa. Mama mkwe alitazama mahali pamoja. Hakupepesa.

Kisha akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya khanga, akaivaa tena. Akatazama tena palepale.

"Kumbe nilikuwa sihitaji mashavu," akasema.

Nami nikatazama. Sikutaka, lakini macho yalikwenda. Kwenye kishimo cha shingo, juu kidogo ya kifungo cha kwanza, mshipa ulikuwa unapiga. Tulikuwa tunauona kama tumeushika kwa kidole.

Nikamwambia Rimoti labda runinga yake inaongeza vitu. Nikamuuliza kama usafi ukizidi picha haiwezi kuonyesha jambo ambalo halipo.

"Fundi," akasema, "hii haiongezi wala haipunguzi."

Mara simu ikalia mkononi mwa mke wangu. Binti yetu. Akabonyeza sauti kubwa bila kuwaza. Basi tukawa na watoto wawili dukani, mmoja kwenye kioo anatuambia kesho kutakuwa na mawingu, mwingine kwenye simu anauliza kama tumemwona.

Nikasema tumemwona. Nikasema amesoma vizuri, nikasema najivunia. Nilikuwa na maneno mengi, nikayatoa yote kwa mpigo ili mtu mwingine asipate nafasi. Mama mkwe akanyoosha mkono. Mke wangu akampa simu.

Hakumsalimia. Hakumuuliza kazi. Alimuuliza kwa sauti ya chini, kama wanavyoulizana watu wawili chumbani:

"Unalalia ubavu gani, mjukuu wangu?"

Kwenye kioo binti yetu alikuwa ananyoosha kidole kwenye ramani. Kwenye simu nilisikia anavuta pumzi, akaishikilia, akaiachia.

"Wa kushoto, bibi."

"Vizuri," akasema mama mkwe. "Ndio huohuo. Usiubadilishe." Ubavu ndio ule aliomwamuru mke wangu alalie, alipokuwa na mimba ya binti huyohuyo.

Mke wangu akakaa chini, kwenye boksi la runinga ya mtu. Hakulia. Aliweka mkono wake juu ya goti la mama yake na kuuacha pale. Nikajua kwamba jibu walilolifuata wameshalipata, na kwamba limebaki la kwangu peke yangu.

"Baba yupo hapo?" sauti ikauliza.

Nikasema nipo.

"Nataka kuja wiki hii. Muda mrefu nimetaka kuja." Akashusha sauti. "Baba, ule mlango bado uko vilevile?"

Kwenye runinga alikuwa anawaaga watazamaji, anatabasamu, kila unywele mahali pake. Mke wangu alikuwa ananitazama. Mama mkwe alikuwa ananitazama. Hata Rimoti alikuwa ameinuka kwenye kiti chake.

Nikatia mkono mfukoni kutafuta la kusema, nikashika skrubu za bawaba.